Kopo Lililofika Salama

Mdogo wangu wa mwisho anafungasha vyombo vya kioo katika ghala moja kubwa, na wenzake wanamwita Selotepu. Jina hilo amelipata kwa haki. Mpe glasi kumi na mbili na boksi moja: atazifunga kwa karatasi, atajaza kila upenyo, atazungusha selotepu mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, kisha atalitikisa boksi karibu na sikio. Likitoa sauti yoyote, analifungua na kuanza upya. Wenzake wanamcheka, lakini mzigo ukienda mbali msimamizi anamtafuta yeye. Kwa miaka kumi na moja hajavunjikiwa hata na kisahani.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu walikuja kumwita mzembe, na neno hilo linanichoma mpaka leo. Mdogo wangu ana kasoro zake, nazijua zote maana nimemlea. Anakoroma, haambiliki, na akishika jambo haliachii. Uzembe haumo.

Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka miwili. Mtoto tunamwita Kidoti, kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Nilihamia kwao na cherehani yangu, nikaiweka chumba cha mbele, nikawa nashona huku jicho moja liko kwa mtoto. Mama wa marehemu, yaani bibi yake Kidoti, alitaka kumchukua tangu wakati wa msiba. Mdogo wangu alimwomba, akamwomba tena, na yule mama akakubali kwa shingo upande.

"Nakuachia," alimwambia. "Lakini siku nikimwona mtoto amedhoofika, sitakuuliza."

Kidoti alipofikisha miaka minne akaanza chekechea. Mwalimu alituma karatasi: chakula cha mchana kitoke nyumbani, kiwe chakula bora, soda na peremende marufuku. Chini yake kulikuwa na mapendekezo, na Selotepu aliyasoma mpaka akayajua kwa moyo. Akanunua kopo la plastiki lenye vyumba vitatu. Kila alfajiri nilimsikia jikoni. Yai la kuchemsha limekatwa vipande vinne. Mkate wenye siagi ya karanga, pembetatu. Karoti nyembamba za kushikika na vidole vidogo, tango, papai lisilo na mbegu hata moja. Siku nyingine viazi vitamu, au kuku aliyechambuliwa mifupa yote. Ndizi aliiweka na ganda lake, akisema hiyo imeshafungashwa na fundi kumshinda yeye. Utani huo aliurudia kila alipoweka ndizi, na kila mara nililazimika kucheka.

Kisha alibana kila kitu pasibaki nafasi ya kipande kuchezacheza, akafunika, akazungusha selotepu.

"We, mtoto ataifunguaje hiyo?" nilimuuliza.

"Nimemwachia ncha, dada. Anavuta tu."

Kweli alikuwa ameikunja ncha, na Kidoti aliivuta mbele yetu ikatoka bila shida.

Siku ya kwanza kopo lilirudi limejaa, selotepu haijaguswa. Niliiona sura ya mdogo wangu ikishuka. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, kwa hiyo akajikaza. Akaligeuza kopo juu chini, akalitikisa karibu na sikio, akacheka na kupiga makofi.

"Halijamwagika hata tone! Mzigo umefika salama! Hongera, dereva wangu!"

Kidoti alicheka mpaka akakaa chini. Tangu mama yake aondoke sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Walikaa sakafuni wakalifungua pamoja, wakala, nami nikadokoa karoti. Sitadanganya, tulifurahi jioni ile.

Siku ya pili kopo likarudi limejaa. Ya tatu pia. Mwalimu ana watoto arobaini na macho mawili tu. Wiki ya pili ndipo alipoandika: mtoto wenu hagusi chakula. Selotepu akaongeza bidii. Akakata tango kwa umbo la nyota, akabadilisha mkate, akaleta maembe, akaacha maembe. Jioni, kopo likirudi, alilikagua, akacheka na kumpongeza dereva kama kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee mtoto alipochangamka. Wakilifungua, Kidoti alikula vipande viwili vitatu, halafu usingizi ukamchukua na tonge mkononi.

Tulimuuliza. Nani asingeuliza?

"Hupendi chakula cha Baba?"

"Napenda."

"Tumbo linauma?"

"Haliumi."

"Sasa mbona huli?"

Akasokota pindo la gauni. Tulimpeleka kliniki, hawakuona ugonjwa, ila mizani ilionyesha amepungua kilo moja na nusu. Mimi sikuhitaji mizani. Sketi ya shule nilimshonea mwenyewe, na kiuno chake nilikuwa nimekipunguza mara mbili. Mara ya pili nililia juu ya cherehani, kwa sababu ningeweza kupunguza tena na tena na isingesaidia kitu.

Wiki ya tano bibi yake alikuja kututembelea. Alimpakata mtoto, akampapasa mbavu, akamtazama mdogo wangu muda mrefu.

"Jumamosi shule inawapeleka watoto mandari bustanini," alisema. "Nitakwenda mwenyewe. Asipokula mbele ya macho yangu, naondoka naye."

"Atakula, mama," alisema Selotepu. Sauti ilikuwa ya mtu asiye na la kushika.

Jumamosi hiyo ghala lilikuwa na shehena kubwa na ruhusa alinyimwa. Alilala kwa muda wa saa tatu tu, akafungasha vyote ambavyo Kidoti aliwahi kusema anavipenda, tena mara hii bila papai, kwa sababu liliwahi kulowanisha mkate. Alinikabidhi kopo mlangoni. "Mbembeleze, dada," aliniambia. "Wewe anakusikia."

Bustani ilikuwa na majani mazuri. Watoto walikaa duara kwenye mikeka, mwalimu akasema fungueni, vifuniko vikalia huku na huku. Walikuwa na mayai, mahindi ya kuchemsha, matunda ya kila rangi. Kidoti alilikumbatia kopo lake kwa mikono miwili na kutazama midomo ya wenzake inavyotafuna. Nilimwona akimeza mate. Huyu mtoto alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa mapajani pake!

"Fungua, mjukuu wangu, ule," bibi yake alimwambia.

Kidoti akatikisa kichwa. Bibi akanyoosha mkono taratibu aivute ile ncha, na mtoto akapiga ukelele, akalilalia kopo kwa tumbo. Duara zima likaacha kula. Mwalimu alikuja mbio. Sikujua nijiweke wapi.

Nilipiga magoti. "Kidoti, mwambie shangazi. Unaogopa nini?"

"Hatujafika," alisema kwa kwikwi.

"Tumefika, mama. Bustani ndiyo hii."

"Nyumbani! Hatujafika nyumbani. Mzigo ukifunguliwa njiani Baba hatacheka."

Wiki tano tumebadilisha matunda, wiki tano tumekata nyota, kumbe mtoto alikuwa kazini. Alikuwa anasafirisha mzigo wa baba yake, na kila jioni tulimpongeza kwa kushinda na njaa.

Nilimweleza bibi kila kitu, tena kwa kucheka, maana nilidhani kicheko kitatuokoa. "Umeona, Mama? Ni mchezo tu wa mtu na mwanawe. Leo jioni tunamwelewesha, kesho anakula. Hakuna aliyemnyima."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamfuta mtoto kamasi kwa kitambaa chake, akamweka begani.

"Nimeelewa," alisema. "Mtoto wa miaka minne anashinda na njaa ili baba yake acheke. Sasa niambie wewe, pale nyumbani nani anamlea nani?"

Akageuka, akaondoka naye. Nilimfuata mpaka kwenye geti la bustani nikimwita Mama, Mama, kisha nikasimama nikiwaangalia wanavyokwenda.

Jioni nilimsimulia mdogo wangu. Aliniomba nirudie pale Kidoti aliposema Baba hatacheka. Nikarudia.

"Basi ni mimi," alisema.

"Ungejuaje?"

"Ni mimi, dada."

Kesho yake alikwenda kwa mkwe wake, na wiki iliyofuata akaenda tena. Alipokewa vizuri, akapewa chai, akarudi peke yake. Nilimchukia yule mama wiki mbili nzima, na kwa wiki mbili hizo nilitafuta alipokosea nisipaone. Selotepu alikwenda kazini, akarudi, akakaa jikoni bila kuwasha taa. Kazini, niliambiwa, alivunja sinia la kioo.

Jumapili ya tatu bibi alipiga simu mwenyewe. Tuliweka sauti ya juu, tukaiinamia wote wawili.

"Anakula," alisema. "Asubuhi, mchana, jioni. Ameongezeka kilo."

"Asante, mama," alisema mdogo wangu, na alimaanisha. Nilimwona akifumba macho kwa ahueni. "Naomba niongee naye."

Zilisikika hatua ndogo zikikimbia, halafu pumzi kwenye simu.

"Kidoti. Mwanangu. Umekula leo?"

Mtoto alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekamatwa na kosa.

"Nimekula, Baba. Nimemaliza. Usikasirike."

Mdogo wangu alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Nikaichukua simu nikamwambia mimi: Baba hajakasirika, Baba amefurahi sana.

"Mbona hacheki?" aliuliza Kidoti.