Kufuli Tatu, Kisha Benki

Benki ilipofika Sigor ilinigharimu mtamba mmoja wa Ayrshire, ng'ombe wa maziwa, pamoja na nauli za kwenda kuuliza aliko.

Kabla ya hapo, pesa za chama chetu cha akina mama, cha kununuliana ng'ombe kwa zamu, zililala kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo walishika watu watatu wasiopendana, na huo ndio uliokuwa ulinzi. Mwenyekiti na katibu hawakuwa wakisalimiana tangu ng'ombe wa mmoja alipovamia mahindi ya mwingine. Mimi, mweka hazina, hakuna aliyeniamini, maana nauza mitumba na bei yangu ya kwanza huwa si ya kweli. Haikupotea hata shilingi.

Kisha nyumba ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, ikapakwa rangi, ikawekwa askari mlangoni, ikawa benki. Niliuliza kutoa pesa zangu mwenyewe ni bei gani. Kijana wa tai akanitajia. Nikamwambia apunguze. Akacheka, bei ikabaki palepale. Nikajua hawa si watu wa soko.

Kwa upande wa sahihi za kutolea pesa za chama, kijana alisema wawili kati yetu watatu wanatosha. Mimi nilitaka zote tatu. Wenzangu wakasema nachelewesha maendeleo, wakanishinda kwa kura. Nikajipa moyo: wale wawili wangeanzia wapi kukubaliana?

Wakaanzia kwa watoto. Kijana wa katibu akamchumbia binti wa mwenyekiti. Siku ya koito, familia mbili zilipokaa kupatana mahari, wenzangu walipiga vigelegele. Mimi niliangalia sufuria za nyama. Zilikuwa kubwa kuliko mfuko wa mwenyekiti, mwenye boma. Ndipo ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu yangu, umechelewa kama kawaida ya mtandao wetu: pesa za chama zimetolewa. Na zamu ya kununuliwa ng'ombe ilikuwa yangu.

Nilimfuata mwenyekiti jikoni. Kabla sijafungua mdomo akanipa kiti na kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hapo nikazidi kushuku.

“Tumekopa tu, dada,” akasema. “Bonasi ya chai ikitoka tunarudisha. Hata katibu amekubali.”

“Najua amekubali. Hiyo ndiyo inanitisha. Mahari mmepatana ng'ombe wangapi?”

“Sita.”

“Basi wakifika, naomba mmoja aje kwangu. Na nichague mwenyewe.”