Lango la Rugongo na Mawe Yaliyopungua

Siku ya kwanza kazini niliripoti nikiwa na viatu vya kuazima. Bwana Misitu wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Wewe ni wa Kalinzi?" aliuliza. "Basi milima unaijua. Nenda Rugongo. Kazi ya mlinzi wa msitu ni miguu, mengine utajifunza hukohuko."

Rugongo ni kilima cha mawe ya chokaa kilichofunikwa na msitu mnene. Siku isiyo na ukungu, ukiwa juu, unaliona ziwa mpaka milima ya Kongo. Huko kileleni watu wa kale, ambao hata babu zetu hawakuwajua kwa jina, walijenga boma la ukuta wa mawe na nje yake wakachimba handaki. Hawakutumia saruji wala udongo. Kila jiwe limekalia mawili ya chini yake, na ukuta wote umeinama kidogo kwa ndani ili usisukumwe na maji ya mvua. Lango lao lilikuwa jembamba, la kupita mtu mmoja mmoja. Niliupenda ukuta ule siku hiyohiyo.

Ninyi vijana mna simu za kuwaonyesha njia. Sisi tulizifungua kwa panga. Tulianza na mkuza, yaani ukanda unaofyekwa kuzunguka mpaka wa msitu ili moto wa mashambani usivuke. Kisha njia za kupandia. Hizo hazipandi moja kwa moja, zinakata kilima kwa mshazari, huku na huku, la sivyo baada ya masika mawili zinakuwa makorongo. Penye mwinuko mkali tuliweka ngazi za mawe.

Na hapo kwenye ngazi ndipo nilipoharibu. Bwana Misitu alitaka ziishe kabla ya ugeni wa mkoa. Kupandisha mawe kutoka bondeni kunavunja mgongo, na lango la kale lilikuwa karibu, upande mmoja umeshabomoka, mawe bapa mazuri. Nikayachukua. Yalipokwisha nikabomoa na upande wa pili.

"Ngazi safi sana hizi," bosi alisema, nami nikachekelea. Baadaye akaja mtaalamu wa mambo ya kale, akauliza nani kabomoa lango. Nikamjibu kwamba nililikuta hivyo.

Mabosi wakabadilika, nami nikawa mlinzi mkuu. Kisha ikaja miaka ambayo vita viliwasukuma watu wa Burundi na Kongo kuvukia kwetu, na kambi ikafunguliwa chini ya kilima. Afisa Misitu wakati huo alikuwa mama mmoja mchapakazi, hataki porojo. Alipoliona lango alisikitika kwelikweli.

"Wakimbizi wamelimaliza," alisema. "Atakayekamatwa na jiwe la boma anapelekwa polisi, awe mfano kwa wenzake."

Nilinyamaza. Niliona aibu, lakini nilinyamaza.

Haikupita wiki, mlinzi mwenzangu akamleta ofisini mwanamke wa Kirundi aliyeitwa Domitila, na mawe mawili meupe kwenye kitenge. Gari la kumpeleka polisi lilikuwa tayari nje.

"Umeiba mafiga kwenye boma," afisa alimwambia.

"Si ya kupikia, mama," Domitila alijibu. "Jiwe nyeupe inapasukaga kwa moto, tunajua. Nimezika mutoto wangu. Mvua inafukua udongo. Nilitaka kumufunika kichwa na miguu."

Niliyatazama yale mawe. Upande mmoja yalikuwa yamelainishwa na soli za viatu. Aliyatoa kwenye ngazi zangu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na mwizi wa boma nilikuwa mimi.

"Mama, lango nililibomoa mimi," nikasema. "Kabla hawa hawajaja. Nililifanya ngazi."

Afisa alinigeukia. "Na siku zote hizi unanisikia nikiwalaumu?"

"Ndiyo, mama."

Alimwambia dereva azime gari. Domitila aliruhusiwa kwenda, na mawe yake akabaki nayo. Mimi nilivuliwa cheo palepale, nikaamriwa nirudishe lango kwa mikono yangu.

Ilinichukua kiangazi kizima kuzing'oa ngazi na kulijenga upya. Kila jiwe nililigeuza mara kumi kabla halijakubali kukaa, na ndipo nilipowaheshimu waliojenga mara ya kwanza, wasio na kamba wala nyundo ya chuma. Lango likasimama. Palipopungua mawe mawili ya Domitila nilipaacha wazi, na afisa alipokagua alipaacha vivyo hivyo.

Nilistaafu nikiwa mlinzi wa kawaida, na silalamiki. Watu wanapanda Rugongo siku hizi, wanapiga picha langoni, wanasifu, na wana haki ya kusifu.

Kambi ilipofungwa, Domitila alinifuata nyumbani kabla hajapanda lori la kurudi kwao.

"Shikamoo, muzee," alisema. "Mutoto siwezi kumubeba. Wewe ulikuwa mulinzi wa mawe. Utanilindia yale mawili?"

Nilimwambia nitalinda. Kambi yote sasa ni majani, na mvua zikikaribia nashuka na jembe langu kupalilia kaburi la mtoto ambaye sikuwahi kuuliza jina lake.