Waya Mmoja Uliobaki

Moshi wa maganda ya korosho haupiti puani ukaenda zake. Hukaa. Hukaa kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye mtungi wa maji, na mchana ukimega tonge la ugali unaukuta humo. Msimu ninaoukumbuka hapa nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani kwetu Kitangari korosho zilikuwa nyingi hata zikalala barazani. Baba aliyachoma maganda ndani ya debe lililotobolewa chini, na mafuta meusi yakachuruzika polepole kwenye sufuria kuukuu. Mafuta hayo huunguza ngozi. Mpaka leo nina doa kwenye kiganja cha kulia. Lakini ndiyo dawa yetu ya mchwa. Kule kwetu juu ya mlima mchwa hawachagui, wanakula mlango kama wanavyokula gogo. Kwa hiyo kila kitu kitakachosimama au kulala ndani ya nyumba hupakwa kwanza: nguzo, miguu ya kitanda, sanduku la nguo, hata kibao cha mbuzi ya nazi. Mtoto wa kwetu hujua kupaka mafuta ya maganda kabla hajaijua alifu.

Msimu ule nyumba yetu haikutulia. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa ametangaza kwamba korosho zikiisha kuanikwa, siku ya Ijumaa, atamsomea hitma mwanawe Hamisi. Mjomba Hamisi alikuwa amekwenda Unguja kutafuta kazi kabla mimi sijaota meno, na hakuwa amerudi. Barua zilikuja, ni kweli, lakini mjomba hakusoma shule. Aliandikiwa na watu, na kila barua ilikuja na mwandiko wake. Mama akisoma, Bibi anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "Hayo maneno ya watu. Hata maiti huandikiwa." Kwetu mtoto huwa wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake, basi aliyepotea hakuwa ndugu wa pembeni bali nguzo ya nyumba. Bibi alikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha, nayo aliisema waziwazi: jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwa ukungu, na la kulia lilikuwa likifuata. Alitaka kumzika mwanawe, hata kwa maneno tu, angali akiwaona watakaohudhuria. Mama hakulala vizuri. Aliamini kwamba kumsomea hitma mtu aliye hai ni kumwita kaburini. Walibishana jikoni, wakabishana njiani tukitoka bondeni na ndoo za maji vichwani, na mimi katikati yao nikawa nashindwa hata kula.

Siku chache baada ya mabishano hayo, lori lililokuja kuchukua korosho lilishusha sanduku kutoka Mtwara. Ndani mlikuwa na televisheni, deki ya video, mkanda mmoja na waya uliofungwa kwa mpira. Barua, kwa mwandiko mwingine tena, ilisema Mjomba Hamisi ameoa, harusi yake imepigwa picha za video, na mama yake aitazame. Mama alilia kwa furaha. Bibi aliupapasa mkanda, akaunusa, akaurudisha mezani. "Karatasi imekuwa plastiki," alisema. "Siku nikimwona humo ndani nitanyamaza. Nisipomwona, Ijumaa iko palepale."

Umeme haukuwepo. Mfanyabiashara mmoja aliahidi kutuazima jenereta yake akimaliza kusafirisha mzigo, tukangoja wiki mbili na nusu. Ulikuwa ungojaji mbaya. Nililifungua lile sanduku mara kumi kwa siku. Waya wenyewe niliujua kama ninavyoujua mkono wangu: nyaya tatu zilizoshikana ubavuni, kila mmoja na pini yake kila upande, wa njano, mweupe na mwekundu. Baba, Mungu amrehemu, naye aliufikiria kwa namna yake. Meza ya televisheni aliipaka mafuta miguu yote minne. Kisha akautazama waya, mwembamba kama mzizi, akajiambia kwamba mchwa watapenda kitu gani kama si mzizi. Akazichovya pini zote sita kwenye mafuta ya maganda, akauning'iniza waya ukutani ukauke. Nilimshikia kibatari akifanya hivyo, na nikaona ni jambo la busara kabisa.

Jenereta ilifika Alhamisi, siku moja kabla ya hitma, pamoja na galoni moja ya petroli na agizo kwamba irudi kabla ya alasiri. Mchele wa hitma ulikuwa tayari umepepetwa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, watu wakajaa hadi uani, na Fundi Chande, mtengeneza redio wa pale kijijini, akaunganisha njano na njano, nyeupe na nyeupe, nyekundu na nyekundu. Jenereta ikaunguruma. Kioo kikawaka buluu tupu, kama kanga ambayo haijapigwa chapa. Mkanda ulizunguka, tuliusikia, lakini hakuna mtu aliyetokea, wala sauti.

"Ndiyo Unguja hiyo?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Mbona bahari peke yake?"

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Aliketi kwenye mkeka mbele kabisa, mikono juu ya magoti.

Chande alichomoa, akachomeka, akapiga deki kofi. Kisha akaiona ngozi nyeusi kwenye pini, akatoa kisu na kuanza kukwangua. Mafuta ya maganda yakikauka huwa magumu kama kucha. Alikwangua kwa nguvu, jasho linamtoka, na watu hawakumwacha: "Chande, hiyo ni waya au kuku unamchinja?" Pini ya njano ikakatika. Akalaani, akashika nyeupe, nayo ikakatika. Chuma cha kulehemu kilikuwa Newala mjini, na gari la Newala lilikuwa limekwisha pita. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini sikumlaumu Chande wakati ule na simlaumu leo. Sote tulikuwa na pupa. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kisu.

"Imekufa," alimwambia mama. "Mama Somoe, tusidanganyane."

Bibi akaanza kuinuka. "Basi, wanangu. Kesho njooni mapema, kuna wali."

Sijui nilipata wapi ujasiri, maana sikulelewa kusema mbele ya watu wazima. Nilimwambia mama kwamba mafuta ya maganda hayatoki kwa kisu. Kila msichana pale alilijua hilo. Tukibangua korosho na mikono ikawa myeusi, hatukwangui. Tunapaka mafuta ya taa, tunasubiri, tunasugua kwa jivu, tunafuta, tunarudia. Chande akasema, "Huyu anataka kuniosha waya kama sufuria." Lakini mama alikwisha mtazama Bibi, akaniambia, "Fanya, Somoe. Izimeni hiyo jenereta, petroli isiishe."

Nilikaa kizingitini penye mwanga na waya mwekundu peke yake. Kitambaa chenye mafuta ya taa, jivu la kuni za mkorosho, kijiti cha mwanzi kwa ajili ya pembe za ndani. Jua lilisogea kwenye sakafu, na mtu fulani hakuacha kusema, "Alasiri hiyo, alasiri hiyo." Nilijilazimisha kusoma Fatiha kila nikimaliza kusugua mzunguko mmoja, ili mkono usikimbie. Mara ya saba chuma kikaonekana kwenye pini zote mbili, kikang'aa.

"Umefanya vizuri," Chande alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ila nyekundu ni ya sauti. Haipeleki picha. Tutamsikia tu."

Nilimwonyesha pale ubavuni, mahali nyaya zinapoachana. Zote tatu unene mmoja, ngozi moja, pini moja. Nikamuuliza ndani yake kuna tofauti gani. Alifikiri, akakuna kidevu, akasema kwa kweli hajui, yeye hufuata rangi. Kwa hiyo tukawa na waya mmoja mzima, na swali ambalo halikuwa la fundi: uchomekwe kwenye tundu la picha au la sauti? Petroli ilibaki kidogo. Mama alitaka sauti. Alisema Bibi haoni vizuri, sauti ndiyo atakayoitambua. Uani kote watu walitaka picha, maana walikuja kwa ajili ya picha.

Bibi alisema, "Sauti mtaniambia ni yake, kama barua. Nipeni uso. Nitautazama mwenyewe kabla jicho halijafungwa."

Tuliuchomeka waya mwekundu kwenye matundu ya njano, huku na huku. Jenereta ikawaka, kioo kikatikisika, na wakatokea wanaume, wote wamevaa kanzu nyeupe, wanakula, midomo inakwenda bila neno. Uani walipiga kelele. Bibi alisogea kwa magoti mpaka pua yake ikakaribia kioo, jicho la kulia limekodolewa. Tukamtafuta Mjomba Hamisi pamoja naye na hakuna aliyemjua. Mama mwenyewe aliashiria mtu asiye yeye. Kisha bwana mmoja mnene akaambiwa jambo la kuchekesha, akacheka, akaufunika mdomo kwa mkono wa kushoto, vidole vimekunjwa.

"Aaa," Bibi alisema. "Anaficha jino. Alilivunja kwenye mkorosho wa baba yake, na tangu siku hiyo hacheki wazi."

Yule mtu akageuka, akatutazama, akainamisha kichwa kidogo, midomo ikasema kitu. Hatukusikia. Jenereta tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma. Lakini Bibi aliweka kiganja kwenye kioo na kuitikia kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepitiwa na mwanawe mlangoni: "Marahaba, Hamisi. Marahaba, baba."

Muda mfupi baadaye petroli iliisha. Ijumaa wali ulipikwa, ukaliwa, lakini hapakusomwa hitma. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliomba dua ya shukrani, na mama alilala usingizi mpaka tukamwamsha. Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Uso ule kwenye kioo ulimtosha Bibi kuifuta hitma, haukumtosha kuacha kungoja. Kila lori lililopita alitoka nje. Mjomba Hamisi alikuja mwaka wa tatu, na jicho la kulia nalo lilikuwa limeshafunga. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akaufuata kwa vidole polepole, akasema amenenepa.

Sasa ninaishi Masasi, nami ni bibi wa watu. Wajukuu wamenifungia televisheni pana ukutani, na waya mmoja mwembamba unapeleka picha na sauti kwa pamoja, hauna rangi wala swali. Mwanangu wa mwisho yuko Arusha, na kila jioni baada ya magharibi sura yake inajaa ukuta mzima. Namshukuru Mungu kwa neema hiyo, sidharau kitu. Lakini wiki mbili hizi anapiga akiwa amekaa gizani. Anasema taa imeungua. Anasema yuko mzima, kazi nzuri, watoto wamelala. Picha ipo, sauti ipo, na mimi nashinda siku nzima natafuta ndani yake kile ambacho hajasema. Mkwe wangu ninayekaa naye hapa ananiambia nitulie, nimpigie tu wakati wowote. Nimemsikiliza. Jana asubuhi nilikwenda stendi nikakata tiketi ya Arusha, ya Jumamosi.