Makaa Yasiyo na Moshi

Mume wa dada yangu alikuja kwangu Nyeri Jumamosi moja ya Julai na jiko la kuchomea nyama, pipa lililopasuliwa katikati ambalo fundi wa mji wa Kenol alilitia miguu. Nilipofunua mfuniko nusura nitapike. Mafuta ya sherehe zilizopita yalikuwa yamegandamana kwenye wavu, meusi, yamenasa manyoya ya mbuzi na nzi wawili waliokauka.

"Shemeji, hukuosha?"

"Moto itaosha," akasema, akatema mate kando ya sufuria ya nyama.

Nilimwonea kinyaa kuanzia kucha hadi nywele. Nikasugua ule wavu kwa brashi ya waya na maji moto mpaka vidole vikaniuma. Nikamnyang'anya kibao alichokatia nyama mbichi, maana alikusudia kukatia hapo hapo ikishaiva. Alitaka kuwashia makaa kwa ndara kuukuu na mafuta ya taa. Nikaitupa ile ndara, nikawasha kwa karatasi na vijiti, nje, mbali na ukuta. Nilijiona mtu wa maana sana.

Nyama ilipoiva, manyunyu yakaanza, na ile baridi yetu ya Julai ikazidi. Mama yangu, ambaye ninaishi naye na ambaye kifua chake ni kibovu, alikuwa chumbani kwake amejifunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Shemeji akachota makaa yaliyobaki, akayatia kwenye karai na kumwekea karibu na kitanda.

"Mum, ota moto. Makaa imeshika vizuri, ati haina moshi hata kidogo."

Mimi nilichungulia kuona kama karai ni safi. Lilikuwa safi. Nikafunga dirisha joto lisipotee, nikavuta mlango, nikarudi kula.

Baadaye nilimpelekea kipande cha ini, kwa kuwa ni laini. Alikuwa amelala mdomo wazi, mate yakimtoka. Nilimwita, hakuitika. Nikamtikisa, kichwa kikaanguka upande. Nilipiga mayowe, shemeji akaja mbio, akambeba hadi barazani kwenye upepo na manyunyu. Hapo ndipo akavuta pumzi na kunitapikia kifuani, na sijawahi kufurahia matapishi namna ile.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari alitugeukia palepale ukumbini, akatueleza kwamba makaa huua hata yasipotoa moshi, na kwamba mama angechelewa kidogo tu kutolewa nje tungekuwa tunaongea mambo mengine. Kisha akauliza, kwa hasira ambayo sikumlaumu kwayo:

"Na dirisha, nani alifunga?"

Shemeji aliniangalia. Alikuwa ameniona nikilifunga.

"Ni mimi, daktari," akasema.

Daktari akamkemea mbele za watu kama mtoto. Nami nikainama nikaendelea kufuta sweta yangu.