Shanga za Mama na Mshono wa Kifuani

Kabla ya kumpasua mama kifua, madaktari wa hospitali ile ya mbali walimkata shanga. Zilikuwa zimepanda kutoka mabegani hadi kidevuni, uzi juu ya uzi, zimepakwa mafuta ya mnyama na udongo mwekundu kwa miaka mingi. Nilikabidhiwa zikiwa ndani ya mfuko. Zilikuwa nzito kuliko mzigo wowote niliowahi kusafiri nao.

Tulirudi Lodwar akiwa na vali mpya ya moyo na mshono uliogawa kifua sehemu mbili. Nyumbani kwake ni Kakuma, lakini nilipanga chumba Lodwar, karibu na kliniki ya kukagulia mshono kila Jumatatu.

"Moyo wameutengeneza wao," muuguzi aliniambia siku ya kwanza. "Kidonda ni kazi yenu. Sukari yake iko juu, ametafuna tumbaku tangu ujana, na amekonda. Mwili wa namna hii hufunga kidonda polepole, na vijidudu vikipata nafasi vinashuka hadi kwenye mfupa. Vikifika huko, atapasuliwa tena."

Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja miezi miwili. Nimelima Katilu, nimepika misheni ya Nariokotome, nimeuza nguo Kalobeyei. Hata wakati ule nilikuwa nimeahidiwa kazi nyingine Nariokotome, na nilikusudia kuondoka Ijumaa ya juma la pili, dada yangu mdogo akija kunipokea zamu. Lakini maadamu nilikuwa pale, niliapa mshono ule hautaoza. Nilinawa kwa sabuni kila mara kabla ya kumgusa. Nilificha sukari. Tumbaku niliitupa, akapata nyingine, nikaitupa tena.

Jumamosi, jirani yake wa Kakuma alikuja kumtazama. Alifika mlangoni, akaona shingo tupu, akaketi chini bila salamu.

"Nani ametuacha?" akauliza kwa sauti ndogo. Kwetu, mwanamke huvua shanga akifiwa.

"Ni mimi nilikufa," mama akajibu. "Wakanifufua, wakanivua."

Walicheka, lakini baada ya mgeni kuondoka mama aligeukia ukuta. Jumatatu ilipofika alikataa kutoka.

"Nipite sokoni hivi, watu wanipe pole ya msiba? Siendi."

Nilisema basi, angalau nimbadilishie bandeji. Nikafungua shuka. Upande wa juu bandeji ilikuwa na doa jekundu la mafuta, na juu yake zililala nyuzi tatu za shanga. Alikuwa amezitoa kwenye ule mfuko nilipokwenda kuchota maji. Chini ya bandeji, ngozi ya kando ya mshono ilikuwa imevimba kidogo, na maji maji yalikuwa yakitoka.

Nilimkaripia kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe umezoea kutembea bila kitu," akasema. "Mimi sijazoea."

Nilikaa juu ya ndoo. Jua lilikuwa linapanda, na kliniki hufungwa saa sita. Hatimaye nikarudisha nyuzi zile mfukoni, nikauweka mfuko miguuni pake, nikainamisha shingo.

"Nifunge mimi. Watu wakiziona watajua hakuna aliyekufa."

Alinifunga, uzi mmoja mmoja. Harufu ya mafuta na moshi ilinirudisha utotoni, mgongoni mwake, shavu langu likiwa limebanwa na shanga zile zile. Zilipotimia sikuweza kugeuza kichwa. Nilinawa mikono tena, nikamfunga bandeji safi, tukatoka.

Kwa wauza makaa, mwanamke mmoja alisimama kutusalimu. "Ejok. Huyu si yule binti yako wa kupotea? Leo amefungwa kamba?"

"Ni kabati langu la shanga," mama akasema. "Linatembea."

Hakuna aliyempa pole.

Muuguzi alinisimamisha mlangoni, mbali na kidonda. Alikisafisha, akachukua maji maji kwa kijiti cha pamba, akabonyeza mfupa wa kifua na kumwambia akohoe. Mfupa haukucheza.

"Mmewahi," akasema. "Bado ni ngozi tu. Dawa hizi amalize zote. Na shanga zisimguse mpaka kidonda kifunge kabisa."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka mimi niseme."

Mama aliangalia shingo yangu.

Njiani tulitembea polepole, akiegemea mkono wangu. Sikuwa nimemwambia habari ya Ijumaa, lakini begi langu lilikuwa limefungwa kando ya mlango tangu jana yake, na mama si kipofu.

"Usizifungue mwenyewe," akasema tulipokaribia chumbani. "Fundo langu hulijui."

Niliingia, nikamlaza, nikabandika maji jikoni. Kisha nikavuta begi, nikaanza kutoa nguo.