Nyuki Juu ya Lori

Kiwanda nilichofanyia kazi kilipouzwa na sisi wafanyakazi tukapunguzwa, nilirudi kwa shangazi yangu Uwemba, lakini sikuweza kutulia. Leo nilitaka kuuza mitumba Makambako, kesho nilitaka kwenda Mchuchuma kusubiri mgodi ambao haujafunguliwa. Shangazi, aliyekuwa mfugaji wa nyuki, alichoka kunisikiliza. Akaniambia nimsindikize Lyamkena kuchukua mzinga aliopewa na rafiki yake, nyuki wakiwa ndani.

Tulilala huko, na alfajiri tukapanda na mzinga nyuma ya lori lililokuwa likienda Njombe kupakia viazi. Njiani gurudumu likaingia shimoni, na kitambaa kilichoziba mlango wa mzinga kikachomoka. Nyuki wakamwagika. Dereva akasimamisha gari, akakimbilia porini pamoja na utingo wake. Nami nikainuka niruke.

Shangazi akanishika mkono. "Simama hapo hapo. Ukipunga mikono watakuuma."

Nikasimama. Wakanitembea shingoni, wakafika midomoni. Mmoja akaniuma kwenye kope, machozi yakanitoka, lakini sikusogea. Mwili wote ulitaka kukimbia. Polepole wengi wakarudi ndani, na shangazi akaziba mlango kwa upande wa khanga yake.

"Kumbe unaweza kutulia," akasema.

Tulifika nyumbani na mzinga. Jicho lilivimba, nikaona aibu kwenda mjini, kwa hiyo nilikaa karibu na mzinga nikiwatazama wakitoka na kuingia. Baadaye niliongeza mizinga yangu mwenyewe. Hamu ya kuondoka haijaniisha hata leo, ila kila asubuhi kuna kazi inayonisubiri, nami naifanya.