Jaribio la Kilo Nne na Nusu

Ofisini walimwita Bi Tena. Zamani, programu ya kompyuta ya kukokotoa dozi za dawa hospitalini ikiguswa hata kidogo, aliipitia yote kwa mkono, tena na tena, mpaka kidole cha kubofya kikafa ganzi. Siku hizi kompyuta inapitia majaribio mia sita kwa dakika tisa, naye anakaa mikono mapajani, ila kidole kile bado kinagonga goti. Kila kosa lililowahi kutokea amelitungia jaribio lake, na hafuti hata moja. Asubuhi ile mwandishi wa programu, mwenye haraka ya kupeleka toleo jipya hospitalini, alimwomba afute lile la mtoto wa kilo nne na nusu. "Miaka miwili halijakamata kitu, Bi Tena. Linatuchelewesha bure."

"Kwani linakula chakula chako, mwanangu?" alijibu bila kugeuka.

Saa tisa mistari ya kijani ya majaribio yaliyofaulu ilishuka kwenye skrini, kisha ukatokea mmoja mwekundu: lile la kilo nne na nusu. Mwandishi aliusoma. Alikuwa amepanga upya tu sehemu ya kuandikia uzito, kumbe nukta ya 4.5 imemezwa: kichanga yule angepewa dozi ya mtu wa kilo arobaini na tano. Lakini toleo lilikuwa bado hapo hapo ofisini. Alishusha pumzi, akavuta kiti karibu na Bi Tena.

"Nisamehe, mama."

"Rekebisha kwanza."

Alirekebisha. Mistari yote ikawa ya kijani, na kidole cha Bi Tena kikatulia gotini. Mwandishi ndiye aliyerudisha mkono kwenye kibodi. "Tena," alisema, akaanza upya kutoka jaribio la kwanza.